Tairi Hufia Upande wa Ndani

Ukitokea Dar es Salaam, barabara ya TANZAM inafika Uyole ikiwa imekwisha kupanda Kitonga, kupita Iringa, Mafinga na Makambako, kukata tambarare ya Usangu na kupanda tena Inyala. Hapo njia inagawanyika. Mbele ni Mbeya mjini, Mbalizi na Tunduma. Kushoto ni Isongole, Tukuyu, Kyela na mpaka wa Kasumulu. Malori yaendayo Zambia na Kongo, fuso za viazi, bajaji na bodaboda hugombea lami hiyohiyo. Na katikati ya msururu huo, mara mojamoja, hupita gari ambalo halikuja kubeba kitu: Altezza iliyoshushwa hadi kidole hakipiti kati ya tairi na bodi, Mark X yenye rimu nyeusi, au Subaru Impreza ambayo bomba lake huwageuza shingo wauza parachichi.

Wajuzi wa magari watabisha kuziita hizo gari za michezo. Mark X, wataambiana, ni sedani ya mzee wa ofisini Japani. Sawa, lakini Uyole haina Ferrari. Ina magari yenye injini kubwa kuliko haja, yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma au yote manne, yakiwa mikononi mwa watu wanaopenda kona. Kwa tairi, hiyo inatosha kuwa mchezo.

Mwenye gari la namna hiyo huyasifu matairi yake akiwa amesimama. Anaona uso wa nje, anaona kashata, yaani vitalu vya raba, bado zimesimama, anapaka dawa ya kung'arisha na kupiga picha. Fundi tairi hafanyi hivyo. Yeye hupiga goti, huzungusha usukani mpaka mwisho, kisha hupenyeza kiganja nyuma ya gurudumu na kupapasa ukingo wa ndani. Mara nyingi kiganja hurudi na habari nyingine kabisa: raba laini kama kisigino, na wakati mwingine waya wa chuma unaochoma.

Sababu yake haina uchawi. Gari likishushwa kwa kukata springi au kufunga fupi, mikono ya chini inayoshika gurudumu hubadilika pembe, na gurudumu huanza kulala: juu limeingia ndani, chini limetoka nje. Kwenye kona ya kasi mlalo huo una faida, kwa sababu gari linapoinama tairi la upande wa nje hukaa bapa barabarani na kushika vizuri. Ndiyo maana magari ya mashindano hulazwa makusudi. Lakini kutoka Uyole hadi Igawa gari la kawaida haliko kwenye kona ya kasi. Liko nyuma ya lori, limenyooka, na uzito wote wa mguu huo umekaa kwenye ukanda mwembamba wa ndani.

Hata hivyo mlalo peke yake hula polepole. Mlaji mkubwa ni pacha wake, yaani pale magurudumu mawili ya mbele yanapoacha kutazama upande mmoja. Yakitazamana au kupeana mgongo hata kwa milimita chache, kila mzunguko unakuwa ni kuburuta kidogo kidogo. Tairi lililoburutwa hivyo lina alama yake: mtu akipitisha kiganja kukatiza kashata, upande mmoja ni laini na mwingine unakwaruza kama ukingo wa msumeno. Mwenye kushusha gari bila kupima alaimenti siku hiyohiyo amenunua matairi mawili mapya bila kujua, ila bili itamfikia baada ya miezi michache.

Mafundi wana kusoma kwao kwingine. Tairi lililoisha kingo zote mbili huku katikati kukiwa kuzima limekuwa likiendeshwa na upepo mdogo. Lililoisha katikati lilijazwa kupita kiasi. Lenye mabonde mabonde kama sinia la bati lililopigwa nyundo linamshitaki shokapu aliyekufa, na hapo kubadili tairi bila kubadili shokapu ni kulisha mchwa.

Habari ya upepo inahitaji kukaliwa kidogo, maana Nyanda za Juu Kusini zina kichekesho chake. Wengi wanajua kuwa baridi hushusha upepo wa tairi. Kwa makadirio, ni karibu psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazopotea. Wachache wanakumbuka kuwa mwinuko hufanya kinyume. Tuchukue tairi lililojazwa psi 33 Dar es Salaam, joto likiwa nyuzi 30, kisha lipande hadi Uyole, takriban mita 1,800 juu ya bahari, lipimwe alfajiri ya Julai kwenye nyuzi 8. Baridi hiyo pekee ingelipunguza kwa karibu psi tatu na nusu. Lakini hewa ya nje ya Uyole ni nyepesi: inakandamiza kwa psi 11.8 hivi, wakati ya pwani hukandamiza kwa 14.7. Geji husoma tofauti kati ya ndani na nje, kwa hiyo mwinuko unarudisha karibu psi 3. Hesabu ikifungwa, geji itaonyesha takriban 32.4. Baridi imechukua, mlima umerudisha.

Mchana jua likiwaka na joto kufika nyuzi 22, tairi hilohilo, kabla hata halijazunguka, litasoma kama 34.6. Dereva anayesimamisha gari saa nane mchana, matairi yakiwa ya moto kutoka Chimala, akaona 37 na kuamua kupunguza, ataendesha kesho yake asubuhi akiwa na upepo pungufu. Kipimo cha kweli huchukuliwa asubuhi gari likiwa limelala, na namba sahihi haiko kwenye tairi. Ile iliyochorwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe. Namba ya gari iko kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, na kwa magari ya Japani huandikwa kwa kPa: 220 ni sawa na psi 32 hivi.

Kwa wanaouliza habari ya kujaza naitrojeni: hewa ya kompresa ya kando ya barabara tayari ina naitrojeni asilimia 78. Pesa hiyo ingenunua geji.

Tarehe 30 Novemba 2013, huko Santa Clarita, California, gari aina ya Porsche Carrera GT liliacha njia, likagonga nguzo na miti na kuwaka moto. Ndani alikuwamo Paul Walker, nyota wa filamu za Fast & Furious, pamoja na rafiki yake Roger Rodas aliyekuwa akiendesha. Filamu hizo zimewafundisha vijana wengi wa hapa jina la gari la Skyline kabla hawajaliona. Wachunguzi walitoa ripoti yao Machi 2014: chanzo kilikuwa mwendo, uliokadiriwa kati ya kilomita 129 na 150 kwa saa mahali penye kikomo cha 72. Lakini walitaja jambo jingine pia. Matairi ya gari hilo yalikuwa na umri wa miaka 9.

Raba huzeeka hata isipotembea. Oksijeni na ozoni huikausha, jua huipasua, na mafuta yanayoifanya iwe laini hupungua. Jua la mwinuko wa Uyole lina mionzi mikali kuliko la pwani, hata siku ambayo mtu amevaa koti. Tairi la miaka 9 linaweza kuwa na kashata za kuvutia, na likawa gumu kama soli ya kiatu cha shule. Watengenezaji wengi wa magari hushauri kuliondoa likifika miaka 6. Baadhi ya watengenezaji wa matairi huweka ukomo wa mwisho kuwa miaka 10.

Umri wake umeandikwa. Baada ya herufi DOT huja mfululizo wa alama, na tarakimu nne za mwisho, aghalabu ndani ya kiduara, ni juma na mwaka: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, na hakuna haja ya mazungumzo zaidi. Kuna mtego hapa. Sheria ya Marekani inayodai alama hizo hulazimisha tarehe kamili kuwa kwenye ubavu mmoja tu. Tairi likifungwa ubavu huo ukitazama ndani, mnunuzi aliyesimama kando ya gari ataona DOT bila tarehe. Inabidi, kwa mara nyingine, mtu apige goti.

Matairi ya mtumba nayo hudai ukaguzi huohuo. Gari linaponunuliwa Japani na kushushwa bandarini Dar es Salaam, huja na matairi liliyokuwa nayo siku ya mnada. Kama lilitoka kaskazini ya nchi, kama Hokkaido, uwezekano ni mkubwa kuwa limevaa ya theluji: Blizzak ya Bridgestone, iceGUARD ya Yokohama na mengineyo. Yanatambulika kwa neno STUDLESS ubavuni, na kwa mikato myembamba mingi juu ya kila kashata, kama mtu aliyechanja mkate kwa wembe. Raba yake imepikwa ibaki laini kwenye barafu. Kwenye lami ya Igurusi saa saba mchana hunyumbuka, hupata moto na kuisha kama kifutio cha penseli. Dereva huhisi gari linayumba kwenye kona na kumlaumu fundi wa usukani.

Kwa muda mrefu Tanzania ilikuwa na jibu lake. Kiwanda cha General Tyre East Africa kilianza uzalishaji Arusha mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baadaye umiliki wake ukawa serikali asilimia 74 na kampuni ya Continental ya Ujerumani asilimia 26. Kilikuwa na mashamba ya mpira Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Kilombero. Mwishoni mwa miaka ya 2000 mitambo ilisimama. Tangu hapo soko limekuwa la kuagiza, na mnunuzi wa Uyole anasimama mbele ya rundo lenye majina ya Kijapani, ya Kichina, ya Kihindi na mengine ambayo hata muuzaji hayatamki vilevile mara mbili.

Mwenye Altezza aina ya RS200, gari lililotoka mwaka 1998 na kubeba tuzo ya gari bora la mwaka Japani, atakuta kwenye matairi yake 215/45R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, asilimia 45 ya upana huo, yaani milimita 97 tu, pungufu ya sentimita 10 kati ya rimu na Tanzania. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu mfupi hufanya usukani ujibu upesi. Hufanya pia kila shimo lijibu upesi: rimu hupinda, au nyuzi za ubavuni hukatika na tairi hutoa nundu. Nundu haizibwi.

Na barabara ya hapa ina mengi ya kuuliza. Uzito wa malori ya miaka mingi umeibonyeza lami ikaacha mifereji miwili ya magurudumu, na tairi pana la ubavu mfupi huifuata mifereji hiyo kama treni ya TAZARA. Ujenzi wa njia nne kati ya Uyole na Ifisi, kilomita 29, nao ulileta michepuko, kokoto na kingo kali za lami.

Kwa hiyo kuna uamuzi ambao vijana hawaupendi, na ambao mwandishi wa makala haya angeutetea mbele ya kijiwe chochote: kurudi nyuma inchi moja. Tairi la 205/55R16 lina kipenyo cha milimita 632 hivi, dhidi ya 625 ya lile la kwanza. Tofauti ni asilimia moja; spidomita haitadanganya kwa kiasi cha kumkera mtu. Lakini ubavu unapata milimita 16 zaidi za kumeza mashimo. Kabla ya kulipa, rimu ya inchi 16 ijaribiwe kwanza juu ya breki za mbele ihakikishwe haigusi. Gari litaonekana limepungua mbwembwe kidogo, na kwenye Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale halitapigwa picha nyingi. Litafika Makambako na rimu zake nne za duara.

Baada ya saizi huja 91W au mfano wake. 91 maana yake kila tairi linabeba kilo 615. W ni kikomo cha kilomita 270 kwa saa, V ni 240, H ni 210, T ni 190. Hakuna mwenye akili atakayefika huko Nyanda za Juu, lakini herufi ya juu kwa kawaida huja na tairi linalostahimili joto zaidi, na joto ndilo adui kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, ambako breki za mbele zinaoka rimu na rimu inaoka tairi. Namba ya uzito ndiyo isipunguzwe kamwe, hasa gari linapokwenda msibani Tukuyu na watu watano na mkungu wa ndizi.

Namba ya TREADWEAR hupendwa na wauzaji. Tairi la 400 linatakiwa kudumu mara nne ya lile la 100 lililotumika kama kipimo. La michezo mara nyingi liko kati ya 180 na 300. Ila kila kampuni hujipima yenyewe. Inafaa kulinganisha matairi mawili ya kampuni moja, si ya kampuni mbili zisizojuana.

Mvua ndiyo inayostahili fungu kubwa la bajeti. Ukiacha Uyole na kuelekea Isongole, unaingia Rungwe, na Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Barabara ni ya kona, migomba na chai pande zote, ukungu ukishuka bila hodi. Watafiti wa NASA, wakichunguza ndege zinazotua kwenye maji miaka ya 1960, walionyesha kuwa kasi ya tairi kuelea juu ya maji hutegemea upepo wake. Kwa kanuni yao, tairi lisilo na kashata lenye psi 32 huelea kwenye kilomita 94 kwa saa hivi, na likiwa na psi 25 huelea kwenye 83. Kashata nzima huongeza nafasi kwa sababu mifereji yake hutapika maji pembeni. Mipaka midogo ya raba iliyojificha ndani ya mifereji imewekwa kwenye milimita 1.6; kashata ikilingana nayo, tairi limekwisha. Kwa njia ya Tukuyu, kusubiri kufika hapo ni ujasiri usio na malipo. Wapo wanaowapelekea wachongaji tairi kipara lichimbiwe kashata kwa kisu cha moto. Kwenye tairi la gari dogo, anachochimba mchongaji ni raba iliyobaki juu ya waya.

Matairi mengi ya kisasa hayafanani pande mbili: upande mmoja una vitalu vikubwa vya kushika kona, mwingine mifereji ya maji. Ubavuni huandikwa OUTSIDE. Mengine yana mwelekeo mmoja wa kuzunguka, nayo huwa na mshale wenye neno ROTATION. Si ajabu kukuta gari la thamani limefungwa tairi moja kinyume, mifereji ikipeleka maji katikati badala ya kuyatoa. Kosa hilo halihitaji fundi kuliona; linahitaji mwenye gari kusoma maneno mawili.

Wenye Subaru wana mzigo wa ziada. Umaarufu wake Afrika Mashariki ulikolezwa na Colin McRae, aliyeshinda Safari Rally ya 1997 akiwa na Impreza ya buluu, na huku milimani umeongezwa nguvu na turbo. Injini isiyo na turbo hupoteza zaidi ya asilimia 15 ya nguvu kwenye mwinuko wa Uyole, wakati yenye turbo hujisukumia hewa yake. Lakini gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne hutaka matairi manne yanayolingana. Subaru hushauri mzingo wa tairi moja usipishane na mwingine kwa zaidi ya robo inchi, milimita 6 hivi. Kwa kimo cha kashata hiyo ni milimita 1 tu. Anayenunua tairi moja jipya kufidia lililopasuka Inyala, na kuyaacha matatu yaliyochakaa, huilazimisha gia ya katikati ifanye kazi ya kusuluhisha kila mita ya safari, hata njia ikiwa imenyooka. Ikiungua, bei yake itayafanya matairi manne yaonekane kama karanga. Ndiyo maana kuzungusha matairi, mbele kwenda nyuma kila kilomita 10,000 hivi, kwa Subaru si usafi bali ni bima.

Tairi linalotolewa nalo lina safari yake. Washona katambuga hawalitaki sana. Chini ya kashata lina mkanda wa waya unaomaliza visu; wao hupendelea yale ya malori yenye nyuzi za nailoni. Ubavu wake mfupi hautoi hata mkanda wa maana. Kwa hiyo mengi huishia palepale kando ya barabara, yakifukiwa nusu ardhini na kupakwa rangi nyeupe kuonyesha kuwa hapa panazibwa pancha. Fundi huligeuza uso wa nje uelekee barabarani, kashata zake zikiwa bado zimesimama, na dereva wa Altezza anayepita huligeukia akijiuliza nani ametupa tairi zima namna ile.